Picha za Pemba ziko kwenye daftari la nani?

Kila siku, mawingu yakiruhusu, kisiwa chetu cha Pemba hupigwa picha kutoka angani. Kazi hiyo hufanywa na setilaiti ndogo zenye urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo 5 hivi kila moja. Hupita juu ya mikarafuu, mabonde ya mpunga, mikoko, mashamba ya mwani na mitaa ya Chake Chake, Wete na Mkoani, kisha huendelea na safari yake, kwa sababu zinapiga picha nchi kavu yote ya dunia. Mwenye setilaiti hizo ni kampuni ya Marekani iitwayo Planet, yenye makao yake San Francisco.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: habari ya kampuni ya anga inaingiaje katika jarida la seminari? Inaingia kwa mlango wa ardhi. Padre anayetumwa parokia ya visiwani au ya bara atakutana na migogoro ya mipaka, na wavuvi waliozuiliwa bahari, na vijiji vilivyoletewa mkataba wa kutunza misitu ili kuuza hewa ukaa. Katika mambo hayo yote, siku hizi, picha ya setilaiti hutangulia kuwekwa mezani kabla mzee wa kijiji hajafungua kinywa. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza picha hiyo imetoka wapi, nani anaimiliki, na nani aliyeisoma mpaka akatoa hukumu.

Maoni yangu ni haya: ukubwa wa kampuni hizi si jambo la kwanza la kutuogopesha. Jambo la kwanza ni kwamba zinakua kwa kununua kumbukumbu na watu wenye ujuzi wa kuzisoma, na sisi katika biashara hiyo hatumo upande wa wauzaji wala wa wanunuzi. Sisi tumo ndani ya picha.

Kampuni ilivyokua

Planet ilianzishwa mwaka 2010 na watu watatu waliotoka katika shirika la anga la Marekani, NASA: Will Marshall, Robbie Schingler na Chris Boshuizen. Walianza kuunda setilaiti yao katika gereji huko California. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: badala ya kuunda setilaiti moja kubwa ya bei ghali, waunde nyingi ndogo za bei nafuu. Mwaka 2013 walirusha za majaribio. Tarehe 15 Februari 2017, roketi moja ya India ilibeba setilaiti 104 kwa mpigo, na 88 kati ya hizo zilikuwa zao. Kabla mwaka ule haujaisha wakatangaza kwamba sasa wanaweza kuipiga picha nchi kavu yote ya dunia kila siku.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni manunuzi.

Mwaka 2015 Planet ilinunua kampuni ya BlackBridge, iliyokuwa ikimiliki setilaiti 5 za RapidEye. Setilaiti hizo zilirushwa mwaka 2008 na kampuni ya Kijerumani, ambayo mwaka 2011 ilifilisika. Kampuni ya Kanada ikazichukua, ikabadili jina ikawa BlackBridge, na miaka michache baadaye zikaingia mikononi mwa Wamarekani. Mwaka 2020 setilaiti zenyewe zilistaafishwa. Lakini picha zilizopiga kwa zaidi ya miaka 10 hazikustaafu pamoja nazo. Zimo ghalani, na ghala ni la Planet.

Mwaka 2017 ilinunua Terra Bella kutoka Google. Kampuni hiyo zamani iliitwa Skybox, na Google ilikuwa imeinunua mwaka 2014 kwa dola milioni 500. Setilaiti zake zina jicho kali kuliko zile ndogo, na katika mapatano hayo Google, aliyekuwa mwenye mali, akageuka kuwa mteja wa picha kwa mkataba wa miaka kadhaa. Mwaka 2021 ikanunua VanderSat ya Uholanzi, yenye ujuzi wa kupima unyevu wa udongo kutoka angani, na mwezi huohuo wa Desemba hisa zake zikaingia katika soko la New York. Mwaka 2023 ikanunua mbili: Salo Sciences ya California, inayokadiria ukubwa wa misitu na kaboni iliyomo, na Sinergise ya Slovenia, iliyojenga mtambo wa kuchambua picha za setilaiti kwa haraka kupitia intaneti.

Ukiipanga orodha hii kwa miaka, utaona mwendo wake. Kwanza ilinunuliwa kumbukumbu ya zamani. Kisha likanunuliwa jicho kali. Kisha ukanunuliwa ujuzi wa kusoma udongo, halafu ujuzi wa kusoma msitu, na mwisho mtambo wa kusoma kila kitu kwa wingi. Kampuni iliyoanza kwa kuuza picha sasa inauza majibu. Mteja haletewi tena picha ya shamba aitazame mwenyewe. Anaambiwa shamba lina unyevu kiasi gani, msitu una kaboni kiasi gani, na wapi pamekatwa miti tangu mwezi uliopita.

Planet si peke yake katika mwendo huu. Mwaka 2013 DigitalGlobe iliungana na GeoEye. Mwaka 2017 DigitalGlobe ikanunuliwa, jina likawa Maxar. Na mwaka 2023 Maxar ikachukuliwa na kampuni ya uwekezaji, Advent, kwa dola bilioni 6.4. Katika mawasiliano, Intelsat iliinunua PanAmSat mwaka 2006, na mwaka 2025 Intelsat yenyewe ikanunuliwa na SES ya Luxembourg. Samaki wakubwa humeza wadogo, kisha nao humezwa. Kwa mwenye hisa hiyo ni habari ya faida na hasara. Kwa anayepigwa picha, maana yake ni kwamba mwenye daftari anaweza kubadilika mara tatu au nne bila yeye kuambiwa.

Picha haijisemei

Mtu anaweza kunijibu: picha ni picha, awe nayo Mjerumani au Mmarekani, mkoko utabaki mkoko. Laiti ingekuwa hivyo.

Tuchukue ufuo wowote wa Pemba wenye mikoko na mwani. Mkulima wa mwani anajua tofauti ya bamvua na maji mafu kuliko anavyojua tarehe za kalenda. Wakati wa bamvua maji yakitoka, kamba na vigingi vya mwani huonekana wazi, na ukingo wa mikoko huonekana umesogea mbali. Maji yakijaa, shamba lote liko chini na ukingo umeingia ndani. Setilaiti hupita kwa saa yake, haingojei maji yatoke. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya maji makavu na nyingine ya maji yaliyojaa, zinaweza kumfanya mtu aliyeko mbali aandike kwamba mikoko imepungua, au kwamba mashamba ya mwani yametelekezwa. Asiyekuwa na jedwali la maji ya Pemba mkononi atakosea, na kosa lake litakuwa na sura ya sayansi.

Vivyo hivyo juu ya ardhi. Katika picha ambayo nukta moja ni kama mita 3 au 4, si rahisi kutofautisha mkarafuu na mti mwingine wenye kivuli kizito, na chini ya kivuli hicho kuna muhogo, ndizi na mananasi ambayo setilaiti haiyaoni kabisa. Shamba la mchanganyiko la Mpemba, lililopandwa na babu na kupandwa tena na mjukuu, kwa msomaji wa mbali linaweza kuitwa msitu, au kuitwa msitu ulioharibiwa. Jina mojawapo likishaandikwa kwenye ripoti, mwenye shamba ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba si hivyo.

Mambo haya yameshafika kwetu. Kuanzia mwaka 2010, kwa fedha za Norway, mradi wa HIMA ulifanya kazi na shehia za Unguja na Pemba ili jamii zitunze misitu na zijiandae kulipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa. Biashara ya namna hiyo inasimama juu ya kipimo: miti ilikuwa mingapi, sasa ni mingapi, na ingekuwa mingapi kama watu wasingeitunza. Hapo ndipo kampuni kama Salo Sciences zinapata thamani yake. Anayeshika kumbukumbu za mwaka 2009 na mtambo wa kuzisoma ndiye anayesema shehia ilianza na msitu wa kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo inabidi tuongeze kwamba mali yenye daftari lililoko kwa mtu mwingine inaweza kupotea na habari tukapewa.

Tumewahi kupita njia hii

Historia ya visiwa vyetu ina mafunzo mawili.

La kwanza ni la Tunguu, kule Unguja. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza walikubaliana kujenga Zanzibar kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Mafundi wake walitoka kampuni ya Bendix. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, alizungumza na kituo cha Zanzibar alipopita juu ya Bahari ya Hindi. Zanzibar ikawa kwenye ramani ya safari za anga kabla ya kupata uhuru wake. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakaondolewa, na kituo kikafungwa mwaka huohuo. Bendix nayo ilinunuliwa na Allied mwaka 1983, ikaingia AlliedSignal mwaka 1985, na mwaka 1999 AlliedSignal ikaungana na Honeywell na kuchukua jina hilo. Leo ukiitafuta kampuni iliyofanya kazi Tunguu, utaikuta tumboni mwa kampuni iliyo tumboni mwa kampuni nyingine. Ujuzi uliondoka na wenyewe. Kwetu palibaki kiwanja.

La pili ni la karafuu, na hili Mpemba hahitaji kufundishwa. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu, kilichokuwa chini ya usimamizi wake, mamlaka ya kushika biashara ya kusafirisha zao hilo nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India ikasusia karafuu za Zanzibar mpaka mapatano ya mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa mnunuzi wa pekee. Kila kizazi cha wakulima kimejadili faida na hasara za mnunuzi mmoja, na magendo ya kwenda Mombasa yalikuwa sehemu ya mjadala huo. Kilichobaki vichwani mwa wakulima ni busara moja: ukifika kituoni, usiangalie bei tu, angalia mizani imeshikwa na nani, na nani anapanga karafuu yako ni daraja la ngapi. Bei hutangazwa redioni, lakini daraja hupangwa mezani.

Kampuni za picha za anga zinakuwa mizani ya dunia. Zinapanga madaraja ya misitu, udongo, pwani na makazi. Na mizani hiyo inakusanyika katika mikono michache kila kampuni moja inapoinunua nyingine.

Upande wa pili wa hoja

Haki inataka tuseme pia mema ya manunuzi haya, maana yapo.

Kampuni ya Kijerumani ilipofilisika mwaka 2011, kama asingetokea mnunuzi, huenda setilaiti zake zingezimwa na picha zake kupotea. Manunuzi yaliziokoa. Kampuni kubwa pia huweza kufanya ambayo ndogo haiwezi. Mwaka 2020 Norway iliingia mkataba na kampuni ya KSAT pamoja na Planet na Airbus ili picha za kila mwezi za nchi za tropiki zitolewe bure kwa wanaolinda misitu. Mtafiti wa kawaida aliweza kuona eneo lake kwa ubora ambao miaka 15 kabla ungehitaji fedha za serikali. Picha kama hizo zimesaidia kuona miamba ya matumbawe inayopauka na mabonde ya mpunga yanayoingiliwa na maji ya chumvi, jambo ambalo wakulima wa Pemba wanalijua kwa machungu yao.

Nakubali yote hayo. Lakini tuangalie sharti lililomo. Wema ule wa Norway ulikuwa mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Bei ya leo inaweza kupanda kesho mwenye mali akibadilika. Wafanyakazi nao si wa kudumu: Planet ilipunguza watu mwaka 2023 na tena mwaka 2024, kwa sababu kampuni iliyo kwenye soko la hisa hujibu kwanza kwa wenye hisa. Na siasa ina mkono wake. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha Ukraine kwa muda isipate picha za Maxar zilizokuwa zikitolewa kupitia mfumo wake. Ikiwa nchi iliyo vitani, yenye marafiki wakubwa, iliamka asubuhi ikakuta dirisha limefungwa, shehia ya Micheweni itamlalamikia nani?

Sheria za kimataifa zinatusaidia kidogo. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni kuhusu kuipiga picha dunia kutoka angani. Kanuni hizo haziitaki nchi inayopigwa picha iombwe ruhusa kwanza. Zinasema tu kwamba nchi hiyo ipate picha zake bila ubaguzi na kwa gharama ya kuridhisha. Hiyo ni haki ya kuuziwa picha ya nyumba yako. Si haba, ila si mengi.

Watu watatu kwa kila kabila

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, kuna habari ambayo mara nyingi tunaisoma haraka haraka. Makabila saba yalikuwa bado hayajagawiwa urithi wao. Yoshua hakuajiri wapimaji kutoka Misri wala Tiro. Aliagiza kila kabila litoe watu watatu, wasafiri katika nchi, waiandike kwa miji yake katika kitabu kwa mafungu saba, kisha warudi kwake Shilo, na hapo kura ikapigwa mbele za Bwana. Tafakari mpangilio huo: walioipima nchi ndio walioirithi, na maandishi yalirudi mahali ambapo kila mtu aliyajua. Haki ya kugawa ilijengwa juu ya haki ya kupima.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanakwenda njia hiyohiyo. Papa Pius wa 11, katika waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa, na alionya juu ya nguvu za uchumi kukusanyika mikononi mwa wachache. Papa Yohane Paulo wa 2, mwaka 1991 katika Centesimus Annus, aliongeza neno linalotuhusu moja kwa moja: katika zama zetu, ujuzi na teknolojia vimekuwa mali yenye uzito usiopungua ule wa ardhi, na watu wengi wanabaki nje ya mtandao wa maarifa hayo, wakitazama. Mseminari anayefundishwa kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote asiishie kwenye mfano wa mkate na kisima. Picha ya dunia nayo ni mali ya dunia.

Na tunao ushahidi wa hapahapa kwamba mambo yanaweza kufanywa kwa namna ya Yoshua. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, waliendesha mradi wa kuvichora visiwa vyetu. Vijana wa Kizanzibari walifundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani, wakapiga picha Unguja na Pemba kwa ubora unaokuonyesha paa la kila nyumba, jambo ambalo setilaiti nyingi haziliwezi. Picha nyingi ziliwekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Na tazama: kampuni ya Uswisi iliyounda ndege zile, senseFly, ilikuwa mali ya Parrot ya Ufaransa, na mwaka 2021 ikauzwa kwa AgEagle ya Marekani. Mauzo hayo hayakutuondolea kitu kilicho kikubwa zaidi. Vijana wamebaki na ujuzi wao, Kamisheni imebaki na picha zake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Tunguu ya 1964 na Zanzibar ya 2016.

Tufanye nini

Sina fedha za kununua setilaiti, na hata parokia zetu zote zikiunganisha sadaka hazitafika. Lakini yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, viongozi wetu wanaotia saini mikataba ya picha, misitu au pwani wadai kifungu kuhusu kubadilika kwa mmiliki. Kampuni ikinunuliwa, masharti yaliyokubaliwa yasibadilike bila sisi kukubali, na nakala kamili ya picha na takwimu za eneo letu ibaki Zanzibar, mahali ambapo mwananchi anaweza kuiona. Sheha anayepokea wageni wa mradi aulize swali hilo mapema, kabla ya chai.

Pili, tutumie vilivyo vya umma. Setilaiti za Landsat za serikali ya Marekani zimekuwa zikipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, tangu mwaka 2015, hutoa bure picha zenye nukta ya mita 10. Hazina makali ya kampuni binafsi, lakini kwa kuona ukingo wa mikoko ukisogea, au bonde la mpunga likigeuka kuwa la chumvi, zinatosha. Tena kumbukumbu ya Landsat inarudi nyuma zaidi ya miaka 50, kabla ya Planet kuzaliwa. Daftari hilo liko wazi. Kinachokosekana ni wasomaji.

Tatu, basi tuzalishe wasomaji. Skuli za Pemba, za serikali na za madhehebu yote, zina walimu wa jiografia wenye uwezo. Kompyuta moja na intaneti ya kawaida vinatosha kumwonyesha mwanafunzi wa kidato cha tatu shehia yake ilivyokuwa mwaka aliozaliwa na ilivyo leo. Kisha atumwe kwa wazee akaulize kile ambacho picha haikuonyesha: nani alipanda, maji yalikuwa wapi, ukame ulikuwa mwaka gani. Ujuzi wa mzee wa bamvua na maji mafu ukikutana na ujuzi wa kijana wa kusoma nukta, hapo tutakuwa na mtaalamu ambaye kampuni itamhitaji, na ambaye hata akinunuliwa kwa mshahara mzuri atakuwa amewafundisha wenzake. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache, lakini jambo hili halina dini. Mikoko humlinda Muislamu na Mkristo kwa mizizi ileile, na mabaraza ya kulizungumza tunayo pamoja.

Nne, nasema nanyi ndugu zangu waseminari. Mnasoma falsafa na teolojia ili mje kuwa wachungaji. Tengeni saa chache za kujifunza namna ardhi inavyopimwa na kuandikwa siku hizi. Siku itafika mjane ataleta kwenye ofisi ya parokia karatasi yenye picha ya rangi na mistari mekundu, akuambie wamemwonyesha hii na kumwambia shamba lake si shamba. Sala yako ataihitaji. Ataihitaji pia akili yako, umwulize mleta picha: ilipigwa lini, saa ngapi, maji yakiwa wapi, na nani aliyeisoma? Maswali hayo manne yanaweza kuokoa ekari tatu za mtu. Nabothi, aliyepoteza shamba na uhai wake, alihukumiwa kwa barua zenye muhuri na mashahidi wa kupangwa. Hakukosa haki, alikosa mtu wa kusimama na kuhoji ushahidi.

Kampuni za anga zitaendelea kununuana. Huenda mwaka mmoja au mitano ijayo Planet nayo ikawa na jina jingine, kama RapidEye, kama Skybox, kama Bendix. Hatuna sauti katika mauzo hayo. Tuna sauti katika jambo moja: kama siku hiyo, jina likibadilika mlangoni, Pemba itakuwa na nakala ya daftari lake na watoto wanaojua kulisoma. Walimu, masheha, mapadre na wazazi, kazi hiyo haingojei roketi, na muhula mpya wa skuli uko karibu.